Tarishi Asiyenyamaza: Jinsi Habari Zinavyopita Ukuta wa Seli

Katika maradhi yanayoingia nyumbani kwa njia ya maji na chakula, ni machache yenye kasi kama kipindupindu. Mtu mzima aliyeamka salama alfajiri na kwenda kazini kama ilivyo desturi yake, aweza kufikishwa hospitali jioni macho yamedidimia, sauti imekauka, na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo. Kwa sababu ya ukali huo wengi huamini kwamba kijidudu cha kipindupindu huutafuna utumbo au huutoboa. Hasha. Wataalamu waliouchunguza utumbo wa wagonjwa kwa darubini waliukuta haukutoboka wala haukuchubuka. Kijidudu chenyewe hakiingii hata ndani ya seli za ukuta wa utumbo. Hukaa juu yake tu. Kinachofanya ni kuvuruga habari. Hutuma sumu ikaukamate ujumbe mmoja mdogo ambao mwili huutumia kila siku kwa manufaa yake, na kuuzuia usikome.

Ili tuufahamu ufisadi huo, hatuna budi kutazama kwanza jinsi habari zinavyopita mwilini mtu akiwa mzima.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa matrilioni ya seli, ambazo vitabu vyetu vya zamani viliziita chembe hai. Kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ni kinga, lakini pia ni kizuizi. Homoni nyingi zinazosafiri katika damu, mathalani adrenalini inayomwagwa tunaposhtuka, haziwezi kuupenya. Hata hivyo amri zake hufika ndani na kutekelezwa mara moja. Zinafikaje?

Wale wanaofanya kazi katika ofisi kubwa hawatapata taabu kuelewa. Mgeni aliyeleta habari haachwi apite moja kwa moja hadi kwenye meza ya mkurugenzi. Hupiga hodi mlangoni, bawabu akamsikia. Bawabu haondoki mahali pake. Humtikisa tarishi aliyeketi kwenye benchi upande wa ndani. Tarishi huinuka, huenda mbio kwa karani, na karani huanza kupiga chapa waraka na kutoa nakala. Nakala husambazwa vyumba vyote na kila idara ikashika kazi yake. Wakati wote huo mgeni yungali nje.

Bawabu katika habari yetu ni protini iitwayo kipokezi. Ni uzi mmoja mrefu uliopita katika utando wa seli kwenda na kurudi mara 7, kama uzi wa mshonaji katika pindo la nguo, ncha moja ikabaki nje na nyingine ndani. Upande wa nje una mfuko mdogo ambamo mgeni wake tu ndiye anayeenea. Adrenalini ikishakaa katika mfuko huo, zile nguzo 7 hujisogeza kidogo, na umbo la upande wa ndani hubadilika. Hakuna kilichopita. Ni umbo tu lililogeuka, na kugeuka huko ndiko hodi yenyewe.

Binadamu ana aina takriban 800 za mabawabu wa ukoo huu. Karibu nusu yao wamewekwa puani kwa kazi ya kunusa, hivi kwamba harufu ya samaki wa kukaanga itokayo kwa jirani hufika kwetu kwa njia hiyo hiyo ya hodi na tarishi. Wengine wako jichoni wakipokea mwanga, wengine ulimini wakionja uchungu wa shubiri, wengine moyoni, mapafuni, tumboni na katika ubongo. Maumbile yakipata mtambo uliokubali kazi, hayaoni haya kuutumia kila mahali.

Sasa tuje kwa tarishi, maana yeye ndiye kiini cha makala hii. Wataalamu wamemwita protini ya G, kwa sababu ya kemikali ya guanini anayoishika mkononi. Ameungwa kwa vipande vitatu: alfa, beta na gama. Akiwa amepumzika, kipande cha alfa hushika kemikali iitwayo GDP. Kipokezi kikibadili umbo, alfa huitupa ile GDP na kushika nyingine iitwayo GTP, ambayo imejaa tele ndani ya seli. Tofauti baina ya hizo mbili ni ndogo mno: GTP ina fosfati tatu, na GDP ina mbili. Lakini fosfati hiyo moja ndiyo amri ya kuondoka. Alfa hujitenga na wenzake wawili na kutambaa chini ya utando mpaka imkute karani wake.

Matarishi ni wa namna mbalimbali na kila mmoja ana karani wake. Tunayemzungumzia hapa huenda kwa kimeng'enya ambacho kazi yake ni kutengeneza molekuli ndogo iitwayo AMP ya duara. Hiyo ndiyo nakala ya waraka. Bawabu mmoja aliyeamshwa aweza kuwaamsha matarishi kadhaa, na karani mmoja aliyeshtuliwa hutoa nakala nyingi sana kabla hajanyamazishwa. Kwa hiyo habari hukua kadiri inavyozidi kuingia ndani, na adrenalini kidogo mno katika damu yatosha kuufanya moyo udunde kifuani mbwa anapobweka ghafla gizani.

Watu wengi wanapoelezwa habari hizi hustaajabia jinsi ujumbe unavyowashwa. Kwa maoni yangu, ajabu kubwa zaidi ni jinsi unavyozimwa. Alfa amepewa mkasi wake mwenyewe. Baada ya sekunde kadhaa huikata ile fosfati ya tatu, GTP ikawa GDP, naye hurudi kwenye benchi kuungana na beta na gama. Hangoji kuambiwa. Kimeng'enya kingine hupita kikiharibu nakala za waraka zilizokwisha kusomwa. Na ikiwa mgeni ni msumbufu, anabisha hodi bila kukoma, protini nyingine iitwayo arestini humshika bawabu na kumziba, asiweze tena kumtikisa tarishi. Mwili umeweka njia za kunyamazisha zisizopungua zile za kuita, kwa kuwa moyo uliokwishaambiwa ukimbie lazima pia uambiwe basi.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mmarekani Earl Sutherland aliigundua AMP ya duara katika miaka ya 1950, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Lakini wakati ule ilidhaniwa kwamba bawabu na karani wanazungumza wao kwa wao. Mwenzake Martin Rodbell, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi za afya za serikali ya Marekani mjini Bethesda, alipokuwa akichunguza seli za ini karibu na mwaka 1970, alitambua kwamba unga wa kemikali ya ATP aliokuwa akiutumia ulikuwa na uchafu. Uchafu huo ulikuwa GTP, na bila huo mtambo haukwenda vizuri. Basi palikuwa na mtu wa tatu kati ya bawabu na karani. Alfred Gilman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Virginia, walichukua seli za panya zilizokuwa na bawabu na karani lakini haziitikii hodi. Walipozitilia dondoo kutoka seli nzima, zikaitikia. Mwaka 1980 walimtoa tarishi peke yake, amesafishwa. Rodbell na Gilman waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, waliomchunguza bawabu mwenyewe, walipata ya kwao mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Kobilka na wenzake kutoa picha ya kipokezi cha adrenalini kikiwa kimemshika tarishi, kila atomu mahali pake.

Kabla hatujarudi kwenye kipindupindu, tupitie kabati la dawa la nyumbani, maana takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani huwalenga mabawabu wa ukoo huu. Mgonjwa wa pumu anapovuta salbutamoli kwa kibomba chake, dawa ile hujifanya adrenalini na kubisha hodi katika misuli ya njia za hewa. Tarishi huondoka, waraka hupigwa, misuli hulegea, pumzi ikapita. Mikono ikitetemeka kidogo baadaye, ni kwa sababu mabawabu kama hao wako pia katika misuli ya mikono. Propranololi, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, hufanya kinyume. Huingia katika mfuko wa kipokezi na kukaa kimya, adrenalini ikija ikute mlango una mtu. Moyo hutulia, na wagonjwa wengi wamefaidika nayo.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye nyumba yampasa alijue. Propranololi haichagui mlango. Huziba ya moyoni na huziba ya mapafuni pia. Akina mama na akina baba wanaoazimana vidonge uani, ati "hivi vilinisaidia mapigo ya moyo, jaribu na wewe", wajue kwamba kidonge hicho kikimezwa na mtu mwenye pumu chaweza kumbana pumzi hata kumtoa roho, na kibomba chake kisimfae kama siku zote, kwa kuwa mlango ambao dawa yake ilikuwa ibishe hodi umekwisha kukaliwa.

Sasa kipindupindu. Mjerumani Robert Koch alikitambua kijidudu chake huko Misri na India mwaka 1883 na 1884, akahisi kwamba kinatoa sumu. Ilipita miaka 75 kabla ya jambo hilo kuthibitishwa. Aliyelithibitisha ni daktari wa Kihindi, Sambhu Nath De wa Calcutta, mji ambao leo waitwa Kolkata. Mwaka 1959 alichukua maji ambamo vijidudu vilioteshwa, akayachuja hata pasibaki kijidudu hata kimoja, akayatia katika kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa huku na huku. Kipande kile kikafura maji. Vijidudu havikuwamo, ni sumu tu iliyofanya kazi. De alifariki mwaka 1985 bila kupewa Tuzo ya Nobel, nami nathubutu kusema kwamba wako waliopewa kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Sumu yenyewe ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vipande 5 vilivyojipanga duara, kazi yake kung'ang'ania utando wa seli ya utumbo. Sehemu ya pili ndiyo mhalifu. Huingia ndani, humwendea tarishi alfa, na kumbandika kipande cha kemikali mahali ambapo hufanya kazi mkasi wake. Mwaka 1977, mwaka ambao kipindupindu kilikuwa kikienea Tanzania, wataalamu wawili wa Jerusalem, Dan Cassel na Zvi Selinger, walionyesha kwamba sumu hii haimwashi tarishi kwa nguvu mpya. Inachofanya ni kumnyima uwezo wa kujizima. GTP yake haikatwi tena. Tarishi anasimama mbele ya karani akirudia neno lile lile saa baada ya saa, na hakuna mgeni mlangoni.

Karani naye hana shaka na tarishi wake. Anapiga chapa. Katika seli za utumbo mwembamba, waraka huo husema: fungua milango ya kloridi. Kwa siku za kawaida amri hiyo hutolewa kwa kiasi, ili utumbo uwe na unyevu wa kulainisha chakula. Sasa milango iko wazi bila mwangalizi. Kloridi inamiminika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji hufuata chumvi siku zote. Papo hapo amri ile ile huzuia sehemu ya chumvi iliyokuwa ikinyonywa kurudi mwilini. Mgonjwa mzima aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, kinyesi chake kikiwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Hayo si maji ya utumboni tu. Ni maji ya damu yake. Damu ikipungukiwa, shinikizo hushuka, figo huacha kufanya kazi, na asipohudumiwa aweza kufa kabla jua halijachwa mara ya pili.

Lakini seli za utumbo hazidumu. Kila baada ya siku chache za zamani hupukutika na mpya zikachukua nafasi, na pamoja na seli ya zamani huondoka tarishi wake aliyeharibiwa. Dawa za kuua vijidudu hufupisha muda huo kwa kukausha chimbuko la sumu. Kwa hiyo shabaha kuu si kumnyamazisha tarishi. Shabaha ni kumtunza mgonjwa asikaukiwe maji mpaka seli zile zipukutike. Aliyezidiwa, asiyeweza kunywa, hutiwa maji kwa dripu. Wengine wote waweza kuponea kikombeni.

Kikombe hicho kilikuwa na kitendawili chake. Mgonjwa akinywa maji matupu, hupita. Akinywa maji ya chumvi peke yake, hupita vile vile. Ufunguo ulipatikana mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1960 Mmarekani Robert Crane alieleza katika mkutano mjini Prague kwamba ukuta wa utumbo una mlango mwingine, ambao sukari ya glukosi na sodiamu huingia wameshikana mikono, mmoja hapiti vizuri bila mwenzake. Wakipita wao, maji huwafuata. Mlango huo haumsikilizi tarishi wetu. Makelele yote ya sumu hayaufungi. Mwaka 1968 madaktari mjini Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa mchanganyiko wa chumvi na sukari huhitaji maji ya dripu machache zaidi kuliko wengine.

Jaribio kubwa lilikuja kwa shida. Mwaka 1971 vita vya kupigania uhuru wa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, karibu na mpaka, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za dripu huku wagonjwa wamelala sakafuni. Alichanganya chumvi, glukosi na magadi katika mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wenyewe wachote na kuwanywesha. Palipokuwa pakifa watu 30 katika kila 100, pakawa panakufa chini ya 4. Hawakuwa wauguzi walioshika vikombe vile. Walikuwa akina mama, akina baba, shangazi na kaka.

Tanzania inaujua ugonjwa huu. Katika mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea nchini hadi mwaka uliofuata, waliougua walizidi 20,000. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yafaa kukatwa na kubandikwa jikoni.

Pakiti za chumvichumvi za ORS hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini soma kwanza maandishi ya pakiti, kwa maana zipo ndogo. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, kisha koroga mpaka viyeyuke. Usikadirie kwa kiganja. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, kwa hiyo soda si badala yake. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole. Anyeshwe kila anapoharisha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliolala umwagwe, utengenezwe mwingine.

Mtoto anayeharisha, hata kama si kipindupindu, hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Na mgonjwa wa rika lolote anayeharisha maji meupe mfululizo, au aliyelegea, ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa hubaki imesimama, au ambaye hajakojoa tangu asubuhi, apelekwe hospitali saa ile ile, akinyweshwa njiani.